Matawi Kabla ya Kona

Kwenye kizuizi cha magari, barabara ya Mikumi–Kilosa
Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini mguu umetulia na mama kikohozi kimempungua. Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu zetu zote zimo kwenye begi la sajenti tangu tulipofika. Barua anakuletea Ulimboka, dereva wa gari letu la maji, anayechota Kilosa na kupita hapo Chanzuru kila baada ya siku mbili. Ukijibu, mpe yeye.

Tuko hapa kwa sababu ya baruti zilizoibwa kwenye machimbo ya kokoto. Tumeambiwa zimo ndani ya gari, na waliozichukua wana silaha. Gari gani, hakuna anayejua. Kwa hiyo ni kila gari.

Siku naondoka uliniuliza kazi yenyewe ikoje. Nakuandikia kama ilivyo kwenye daftari langu la kila siku. Ijumaa tarehe mosi tulichagua mahali baada ya kona, ili gari lisituone mapema likageuza. Tukapanga mapipa sita ya mchanga kwa kupishana, gari lipite kwa kujipindapinda. Mbele ya mapipa kuna ubao wa misumari wenye kamba. Askari wa kwanza anasimamisha, wa pili anauliza majina na safari, wa tatu anapekua buti na chini ya viti. Kabla ya kona tumetandaza matawi mabichi upande wa kushoto, maana vibao hatuna, na sajenti anasema matawi kila dereva anayajua, atapunguza mwendo. Amri yake ni fupi: anayebaki kushoto ni raia, anayetokea kulia kwa kasi anatukimbia, apigwe risasi.

Askari wa nne hasemi na mtu. Amelala nyuma ya viroba vya mchanga na bunduki imetazama barabara. Wa nne ni mimi, baba.

Kila gari linapotokea kwenye kona nalilenga mpaka lisimame. Likishapita namshukuru Mungu, halafu nasikia injini nyingine.

Mwanao,
Beda


Chanzuru
Jumatano, 6 Agosti 2025

Mwanangu Beda,

Marahaba. Mguu unanisumbua asubuhi tu. Mama yako bado anakohoa, lakini sauti ya kunigombeza anayo. Anauliza kama mnakula mboga.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikashindwa kukaa. Hayo matawi yaondoeni. Msingoje kesho.

Unajua nimeendesha malori miaka thelathini na moja. Dereva akiona matawi kushoto, anachoelewa ni kwamba kuna gari limeharibika mbele, limeziba njia yake. Anafanya nini? Anatoka kulia. Na kwa kuwa ni kona, hamwoni anayekuja, kwa hiyo anakanyaga mafuta amalize haraka arudi upande wake. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo. Sasa soma tena amri ya sajenti wako. Ninyi ndio mnaowaambia watu watoke kulia, halafu mnawapiga kwa kutoka kulia.

Angalia daftari lako. Ni magari mangapi yametokea kulia? Niandikie. Na barua hii mwonyeshe afande wako kwa heshima, akiwa peke yake. Mkubwa akirekebishwa mbele za watu masikio yanaziba.

Mama yako kaniuliza kwa nini chai imepoa mbele yangu. Nimemwambia nawaza mpira.

Baba yako,
Urbanus


Kambini, Mikumi
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Baba, shikamoo.

Mwambie mama mboga tunapata, mchicha kila siku. Pole na mguu.

Barua yako ilinifikia Alhamisi jioni. Nikafungua daftari. Tangu tarehe mosi yamekuja magari mia mbili na kumi na mawili kutoka Kilosa, na kumi na manne yametokea kulia. Kote nilikuwa nimeandika "alijaribu kukimbia". Yote yalifunga breki yalipoona mapipa. Madereva tuliwapigisha magoti juani, tukapekua mpaka matairi ya akiba. Hatukupata kitu. Mmoja alisema, "Afande, mimi nimefuata matawi," nasi tukamcheka.

Nilimpelekea Sajenti Lusekelo barua yako akiwa peke yake anakunywa uji. Akaisoma yote.

"Mzee wako alikuwa trafiki?"

"Dereva wa malori, afande."

"Basi mwambie aendelee kupumzika. Matawi nimeyaweka mimi."

Jana saa nane mchana Noah nyeupe ilitokea kulia, kwa kasi kuliko zote. Sajenti akasema, "Piga." Kidole kilikuwa kwenye triga. Nikamwona dereva usoni, baba. Macho yake hayakuwa kwetu, yalikuwa yanatafuta lori lililoharibika. Sajenti akarudia. Sikupiga. Noah ikagonga pipa la kwanza, ikazima. Ndani alikuwemo mwalimu, mke wake, na watoto watatu wenye sare za shule. Yule mdogo hakulia. Alinitazama tu.

Nimevuliwa mkanda na kuletwa huku kambini. Kosa langu ni kukataa amri, na luteni atanisikiliza Jumatano. Naogopa jela, sikufichi. Lakini kinachoninyima usingizi ni kingine. Nyuma ya viroba sasa yuko Goodluck, na ametamka mbele yetu sote kwamba yeye haambiwi mara mbili. Matawi bado yapo. Na Jumanne ni siku ya mnada. Malori ya ng'ombe na magari ya wachuuzi yatapita tangu alfajiri, yamejaa watu.

Nimeomba kuonana na luteni mapema. Wamesema Jumatano ni Jumatano.

Mwanao,
Beda


Kwenye kizuizi chenu
Jumanne, 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi

Mwanangu Beda,

Marahaba. Mimi ni mzima, hakuna aliyepigwa. Naanza na hilo kwa sababu ukimwona Ulimboka anayekuletea barua hii utadhani ametoka kuzika.

Alinishusha kabla ya kona saa kumi na mbili, akasimamisha gari lake nyuma yangu, taa zinawaka, ili wasinigonge. Nikaanza kuburuta matawi mtaroni, moja moja. Ni mengi, wanangu, mlikata msitu. Kisha Ulimboka akalitoa gari lake nje ya barabara, nami nikazunguka kona kwa miguu, kushoto kabisa, mikono juu.

"Simama. Lala chini."

Nikalala. Goodluck akaniambia kutoka kwenye viroba, "Mzee, unajua ningekupiga?" Nikamjibu, "Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja polepole."

Sajenti akaja juu yangu amefura. Alikuwa bado ananigombeza wakati lori la kwanza la ng'ombe lilipotokea kwenye kona. Kushoto, taratibu. Likafuata la pili. Akasimama akitazama. Mpaka saa tatu yalikuwa yamepita magari thelathini na tisa, na hakuna hata moja lililotokea kulia. Nilihesabu nikiwa nimelala, maana hakuna aliyekumbuka kuniambia niamke.

Ndipo luteni akafika. Nikamweleza, akasikiliza. Kuhusu wewe hakuniahidi kitu. Amesema kesho uje na daftari lako, usifute hata neno moja. Baruti bado hazijapatikana, na kizuizi kinabaki.

Aliniuliza kama sikuogopa. Nikamwambia aitazame suruali yangu.

Sajenti hanitazami. Goodluck amenipa bukta yake ya mazoezi, imenibana, na suruali ameichukua akaifua mwenyewe, bila kuambiwa. Ameianika juu ya pipa la kwanza, malori yanapita kando yake. Ikikauka nitakuja huko Mikumi nikae nje ya geti mpaka wakuite.

Baba yako,
Urbanus