Chachu Yote Imeuzwa kwa Corinne

Jumatano, 15 Machi 2017

Theluji tena. Katikati ya Machi! Magoti yananiuma tangu alfajiri, na boila la ofisi linanguruma tu, joto hakuna.

Nimemaliza tangazo la wiki la sinagogi. Ijumaa jioni sala, watoto wa darasa la tano ndio wataongoza nyimbo — Mungu atulinde masikio. Jumamosi sala ya asubuhi, kisha darasa la Torati la Rabi Shifra. Jumapili kufungasha vyakula vya wahitaji. Jumanne mhadhara kuhusu wakimbizi. Alhamisi maandamano mbele ya jumba la manispaa, kupinga kodi za nyumba kupanda. Kila shughuli inataka viti, kahawa, na mtu wa kufunga milango. Mtu huyo ni mimi. Haki itatendeka duniani kote, mradi Tova apange viti.

Mchungaji Lindqvist wa Walutheri kapiga simu, sauti imejaa aibu. Sisi na makanisa ya mji tunapokezana kulaza familia zisizo na makazi, wiki moja moja, na zamu yao imeangukia wiki ya kuelekea Pasaka yao. Ukumbi wote ni kwaya na maua. Anaomba tubadilishane: sisi tuchukue ya tarehe tisa Aprili, wao wachukue yetu ya tarehe kumi na sita. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Ni mtu mwema, kila vuli anatuletea mbao za vibanda vyetu vya sikukuu. Nikaandika ukutani kwa wino mwekundu, nikajiona mtu wa maana.

Ijumaa, 24 Machi

Mungu wangu. Tarehe tisa Aprili!

Mama mmoja wa darasa la Torati alipita ofisini kuuliza jikoni tutasafisha lini kwa ajili ya Pasaka. Nikamwambia ngoja niangalie. Kalenda ya ukutani ni ya benki, haina sikukuu zetu. Ya kwetu nimeikuta chini ya bakuli la peremende. Pasaka yetu inaingia Jumatatu jioni, tarehe kumi! Nikakaa.

Wiki ile ile ambayo hata chembe ya mkate haitakiwi ndani ya jengo, nimealika watu waje walale, na watoto wao wa kula mkate na siagi asubuhi na tambi jioni. Siku nane chachu, yaani mkate, bia na chochote cha ngano au shayiri, hatuli, hatuweki, hatumiliki. Tumekuwa tukiwanunia watu mji mzima wanaotupangia mikutano kwenye sikukuu zetu. Safari hii Myahudi kajipangia mwenyewe.

Nimempigia Mchungaji. Masikini, kaomba radhi mara kumi, lakini maua yameshalipiwa na kwaya ya wageni iko njiani. Makanisa mengine yote ni hivyo hivyo.

Sijala mchana.

Jumapili, 26 Machi

Kikao cha halmashauri. Nilisimama nikaeleza. Bernice Lapidus, mwenyekiti wetu, mwanasheria mstaafu, alivua miwani polepole kama anavyofanya akitaka mtu ateseke.

"Tova, miaka yote hiyo ofisini, leo ndiyo umesahau sisi ni Wayahudi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mmoja akasema wapelekwe moteli. Rabi Shifra akauliza: usiku wa karamu ya Pasaka tutafungua mlango na kutamka kwamba kila mwenye njaa na aje ale. Tutalitamka kwa uso gani? Rabi ni msichana mdogo, anaweza kuwa binti yangu, ila akiuliza jambo hulali.

Bernice akasema basi waje, lakini chachu haivuki kizingiti, wale matza kama sisi, mkate mkavu usiochacha. Mzee Pinchas akamjibu kutoka nyuma: "Watoto wa watu wale matza wiki nzima? Matumbo yatawafunga kama simenti!" Hapo hata mimi nilicheka. Hawakuamua kitu. Wamekunywa kahawa yote, vikombe nimeosha mimi.

Jumatano, 5 Aprili

Rabi kapata njia.

Kila mwaka chachu iliyobaki kwenye makabati ya waumini tunamuuzia mtu asiye Myahudi mpaka sikukuu iishe, na mahali ilipowekwa tunampangisha. Mnunuzi wetu alikuwa Stan, aliyekuwa msimamizi wa jengo, Mkatoliki. Stan kastaafu, kahamia Florida kuota jua. Kwa hiyo mwaka huu hatuna mnunuzi. Na mgeni anakuja, na si Myahudi.

Rabi anasema tumuuzie yeye. Chachu yote, pamoja na kumpangisha upande wote wa madarasa: vyumba, jiko dogo la kule, choo, mlango wake wa nje. Pale ni kwake, atakula anachotaka. Chetu ni ukumbi na chumba cha sala.

Nilidhani Bernice atapasuka. Kumbe kalipenda! Sheria zinampa uhai mwanamke huyu. Lakini kasema kama ni maigizo yeye hayumo. Uuzaji uwe uuzaji. Funguo zote akabidhiwe, pamoja na ya akiba, asiingie mtu bila kubisha hodi. Ikionekana ni mchezo, mauzo ya waumini wote ni batili, na sisi sote tutakuwa tumekaa na chachu Pasaka nzima. Rabi akasema ndivyo ilivyo. Bernice akaandika mkataba mwenyewe, kurasa tatu. Unaisha nyota zikitoka Jumanne ya tarehe kumi na nane.

Jumapili, 9 Aprili

Wamekuja. Familia moja tu: Corinne Maddox na bintiye Brielle, miaka tisa, meno mawili ya mbele hayapo. Mabegi, birika la umeme, samaki wa dhahabu ndani ya chupa ya kachumbari. Hilo la samaki halikuwa kwenye maelezo.

Corinne ni mrefu, hana maneno mengi. Anafua mashuka kwenye nyumba ya kutunza wazee, zamu ya alfajiri, basi lake linapita mtaa wa pili kutoka hapa. Kapata nyumba! Vyumba viwili, anakabidhiwa Jumatano ya tarehe kumi na tisa, mradi aonyeshe bado ana kazi. Ameshachelewa kazini mara mbili kwa sababu ya kuhamahama. Meneja kamwambia mara ya tatu asirudi.

Nilimweleza habari ya kununua chachu. Akalitua birika sakafuni.

"Mama, nyie ni wazima?"

Nikasema si sana.

Jumatatu, 10 Aprili

Asubuhi, kabla ya saa ya mwisho ya kumiliki chachu. Rabi, Bernice, mimi, Corinne kajifunga kilemba cha kazini. Bernice akasoma mkataba mzima, hakuruka hata nukta. Bia, nafaka, unga, keki za kwenye friza, vyote vilivyo kwa waumini, vimeorodheshwa nyumba kwa nyumba.

Corinne akamkatiza: "Hapa pameandikwa wiski chupa kumi na mbili. Za nani?"

Bernice akakohoa. "Zangu."

"Sasa?"

"Sasa zako."

"Nikija kwako nikachukua moja?"

"Ni haki yako," akasema Bernice, mdomo umembana. "Utailipia baadaye kwa bei ya soko."

Corinne akauweka mkataba mezani. "Nauliza mara moja. Hii ni kweli, au mnacheza na mimi? Maana nimesainishwa karatasi nyingi na watu wenye tabasamu."

Bernice akamtazama usoni. Sijawahi kumwona akimtazama mtu hivyo. Akasema: "Ni kweli. Kama si kweli, haina maana kwetu."

Wakapeana mikono. Corinne akatoa dola moja ya kutanguliza. Nikatoa funguo zote za upande ule, hata ya akiba niliyokuwa nimeifunga na utepe wa kijani. Brielle akakimbia korido nzima akipiga kelele kwamba wana vyumba vinne!

Naacha. Sijamenya viazi, na karamu ni jioni hii.

Jumatano, 12 Aprili

Usiku. Siku mbili za kwanza za sikukuu zimetoka. Nimechoka mpaka kucha.

Corinne na Brielle walikaa nasi karamu ya kwanza. Brielle aliuliza maswali kuliko watoto wetu wote, kisha akalala juu ya koti la Mzee Pinchas. Corinne alionja mboga chungu, machozi yakamtoka, akasema hiki ndicho chakula cha kwanza cha kanisani kisichomdanganya. Watu walicheka sana.

Kanuni ya mtandao wa makazi ni mtu mmoja wa kujitolea alale karibu na wageni. Waliojiandikisha wote wana udhuru, huyu mgongo, huyu wajukuu. Nimelala mimi, kwenye kitanda cha kukunja koridoni, upande wetu wa mlango.

Ijumaa, 14 Aprili

Mchungaji Lindqvist kapiga simu, na leo ndiyo siku ya kusulubiwa kwa Bwana wao, nikajua si jambo dogo. Bomba limepasuka. Ukumbi wao una maji mpaka kifundo cha mguu. Hawawezi kupokea mtu Jumapili, labda wiki inayofuata. Alikuwa karibu kulia.

Bernice hakupoteza muda. Halmashauri iliruhusu mpaka Jumapili. Bima ni mpaka Jumapili. Jumanne ni sala ya kuwakumbuka marehemu, jengo litajaa, na hakuna aliyejiandikisha kulala siku za sikukuu. Kaunti ina chumba kwenye moteli, kule njia kuu karibu na Syracuse. Gari litakuja Jumapili jioni.

Nikamwambia kutoka kule hakuna basi la alfajiri. Corinne hatafika kazini Jumatatu. Akikosa kazi, nyumba ya Jumatano imekwenda.

"Nasikitika," akasema. Naamini kweli alisikitika. "Lakini nilitoa neno langu kwa halmashauri, Tova. Na ni wewe uliyetuingiza humu."

Kweli. Ni mimi.

Nilikwenda kumwambia Corinne mwenyewe. Alikuwa anamkausha Brielle nywele. Aliendelea kukausha nywele zilizokwisha kukauka.

Jumapili, 16 Aprili

Naandika ofisini, mlango wazi. Siku mbili za mwisho za sikukuu zinaingia jua likizama, na zikiingia siandiki. Haraka basi.

Gari la kaunti limefika. Dereva hajazima injini. Bernice alitangulia koridoni, mimi na Rabi nyuma. Alishika kitasa cha mlango wa madarasa. Umefungwa. Akaita. Corinne akafungua, soksi miguuni, harufu ya mkate wa kuchoma ikatupiga usoni — baada ya wiki nzima ya matza!

"Gari limekuja," akasema Bernice.

"Nimeliona. Siendi."

Bernice akaanza: ruhusa, bima, watu wa kujitolea. Corinne akamsubiri amalize, sauti hakuipandisha.

"Mama, uliandika wewe. Mpaka nyota za Jumanne. Nilikuuliza kama ni kweli, ukaniambia ni kweli." Akafunga mlango. Hakuubamiza, alifunga tu. Komeo likalia.

Bernice akamgeukia Rabi, shingo nyekundu. "Shifra, mwambie ni desturi. Mwambie ni njia tu ya kutimiza sheria."

Rabi akasema: nikimwambia hivyo, basi hatukuuza kitu. Tangu Jumatatu chachu ni yetu, mimi, wewe, kila nyumba ya waumini wetu. "Unataka niseme hivyo, Bernice? Nitasema. Ila nitasema mbele ya watu wote, Jumanne."

Bernice akaninyooshea mkono mimi. Alitaka ufunguo wa akiba.

"Sina. Uliagiza funguo zote."

"Na nani atalala naye? Kanuni ni kanuni."

"Mimi," nikasema. "Corinne akikubali. Ni kwake."

Nimechoka. Magoti haya hayatapona kitanda kile. Lakini nilipolisema hilo nilisikia raha, sifichi.

Dereva anapiga honi. Jua limefika kwenye paa la duka la matairi, mishumaa bado sijawasha. Rabi kaegemea ukuta, macho kafumba. Naona mgongo wa Bernice kutoka hapa. Kasimama mbele ya mlango ule, kajinyoosha koti. Mwanamke huyu amejenga nusu ya jengo hili kwa michango yake, huingia kila chumba kama upepo.

Amebisha hodi.

"Nani?" Sauti ya Corinne.

Honi tena.

"Bernice," amesema. "Bernice Lapidus. Naomba kuingia."