Jogoo wa Mama Mkwe

Busawe,
Mugumu, Serengeti.
19 Agosti 2025.

Mpendwa kaka Nchagwa,

Shikamoo. Hamjambo huko Iringa? Kifua cha wifi kimepona? Kwa baridi ya huko namwonea huruma kweli. Sisi tupo, Sylvester na watoto ni wazima, ila moyo wangu si mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu nikikupigia simu nitalia tu mpaka vocha iishe.

Kaka, kuku wangu wamekwisha.

Unawakumbuka, wale wa nyama wanaokua taratibu, nilikutumia picha zao wakiwa vifaranga. Hakuna dawa ya kukuzia, hakuna kubanana. Mchana walichakura mchwa juani, usiku walilala kwenye maranda makavu. Watu walinicheka, eti kuku gani wa nyama anafikisha miezi mitatu hajaliwa. Ng'ombe hapa ni wa Sylvester. Wale kuku ndio walikuwa kitu cha kwanza kukiita changu.

Mwezi uliopita mama mkwe alitoka Nyarero kuja kuwaona. Alifurahi jamani! Alikuja na jogoo mwekundu kwapani, akasema banda lisilo na jogoo wa nyumbani halina baraka. Akamwachia katikati ya wenzake kwa mkono wake mwenyewe, nami nikapiga vigelegele.

Haukupita muda wakaanza kukoroma, wakaharisha kijani, shingo zikapinda. Kideri. Chanjo ya kwanza walipata, ya kurudia tuliambiwa haijafika Mugumu. Bwana mifugo akaniuliza kwa nini sikumtenga mgeni kwanza. Sasa kaka, jogoo wa mama mkwe unamtengaje? Umfungie nyuma ya choo, mwenyewe anatazama? Tulichoma mizoga mpaka majirani wakafunga madirisha. Wamebaki wachache, hao nawalinda kama mboni ya jicho.

Jana mama mkwe akarudi. Alikuwa amesikia msiba wangu, akaja analia, na mtetea kwapani. "Anza upya, mwanangu." Nikanyoosha mikono miwili nimpokee huyo mtetea, lakini akanipita, akaelekea moja kwa moja bandani. Nikajikuta nimewahi kusimama mlangoni.

"Mama, hapana."

"Kwani kuku wangu ana nini?"

Sylvester akainamisha uso. Ikabidi niseme mwenyewe: yule jogoo, mama, ndiye aliyetuletea ugonjwa.

Hakugomba. Heri angegomba! Alimkumbatia mtetea wake, akashika njia ya kwenda barabarani. Ugali nilishauandaa, hakuugusa. Sylvester hajanisemesha tangu hapo.

Sijutii kuwakinga wale waliobaki, lakini aibu inanitafuna. Lazima niende Nyarero kumwomba radhi, na unajua kwa mkwe hakuendwi mikono mitupu. Mtu huenda na kuku. Nami kuku nilio nao, nikimpelekea, nitakuwa nimempelekea kifo bandani kwake. Niambie kaka, niende na nini?

Nisalimie wifi Sarah, na Vicent mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mungu awafunike huko mliko, na mgeni wenu asiondoke kwenu na njaa.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Elieth