Sajini Hahasiwi Leo

Jumamosi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye miche yangu, na baridi ya Julai imekataa kuondoka tangu asubuhi. Vidole vimekufa ganzi lakini damu inachemka, kwa hiyo naandika kabla haijapoa.

Kwa wageni wa ukurasa huu: ninauza miche ya maembe na parachichi kando ya barabara hapa Kyumbi. Ninaishi na mama yangu, ambaye namwita Mwaitu, kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao. Na nina mbwa, Sajini, dume la miezi kumi lenye miguu mirefu kuliko akili. Mama yake ni German Shepherd. Baba hajulikani, na Sajini hajawahi kulalamika.

Wiki hii kila mtu amegeuka daktari wa mbwa.

Chanzo ni jirani yangu, Mzee Mutiso. Ana mbwa jike anayemfuga ili auze watoto, na jike huyo sasa yuko kwenye joto, anatafuta dume. Alhamisi Sajini aliruka ua akaenda kumtembelea. Alirudi na sikio limepasuka. Ijumaa asubuhi Mutiso alikuja mpaka langoni kwangu, hata salamu hakutoa.

"Hii mbwa yako ikikanyaga kwangu tena, nitaiwekea nyama," akasema. "Na unajua ni nyama gani."

Najua. Mwaka jana mbwa wawili wa ng'ambo ya barabara walikula nyama ya namna hiyo wakafa, na hakuna aliyeulizwa kitu.

Nikaanza kutafuta ushauri, kosa langu la kwanza. Muuzaji wa dawa za mifugo aliniambia mbwa huhasiwa akiwa na miezi sita, kwa hiyo nimeshachelewa. Binamu yangu akasema nisimguse kabisa, atakuwa mwoga na atanenepa kama nguruwe. Wanaume wa steji ya boda boda walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. "Umemaliza wanaume, sasa umeanzia mbwa?" akaniuliza.

Nilicheka nao. Mwanamke aliyeachana na mume hujifunza kicheko hicho mapema, na mimi ninacho cha kutosha.

Mwaitu naye mwanzoni alikuwa upande wa kukataa. "Ng'ombe inahasiwa ilime," alisema. "Mbwa inahasiwa ifanye nini?" Lakini baada ya maneno ya Mutiso aligeuka. Akatwe leo leo, alisema, mambo yaishe na majirani wakae kwa amani.

Leo asubuhi nilienda Machakos mjini kumwona daktari wa mifugo. Nilienda peke yangu, maana hakuna boda boda atakayekubali kupakia mbwa wa ukubwa ule. Daktari ni mama mmoja mtaratibu asiyependa maneno mengi. Alitazama picha za Sajini kwenye simu yangu, akaniuliza uzito wa mama yake, kisha akanieleza vizuri. Mbwa mdogo wa mwili anaweza kuhasiwa akiwa na miezi sita hivi. Mkubwa kama huyu akihasiwa kabla mifupa haijakomaa, miguu huendelea kurefuka na viungo vinaweza kumsumbua baadaye. Alipenda tungoje afikishe kama mwaka na nusu, na hata hapo amkague kwanza. Kuhusu ulinzi nisiwe na wasiwasi, kwa sababu mbwa hulinda kwake hata akiwa amehasiwa. Kuzurura kungepungua, ingawa si kwa kila mbwa.

Nilipomweleza maneno ya Mutiso akasema, "Lakini kama hapo nyumbani atauawa wiki ijayo, hata kesho naweza kumfanyia. Ni wewe unajua unaishi na nani."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Nikingoja, naweza kumpoteza kwa kipande cha nyama. Nikiharakisha, namharibia miguu kwa sababu ya hasira ya mtu mwingine.

Njiani kurudi nilifikiria miche. Mche wa mwembe hauunganishwi na kikonyo cha mwembe bora kwa kuhesabu miezi. Unalishika shina kwa vidole, na likifikia unene wa penseli, uko tayari. Kuna mwaka niliunganisha kitalu kizima mapema kwa sababu mteja wa Athi River alikuwa ananipigia simu kila siku. Miche yote ikaanza kuwa myeusi kutoka kwenye jeraha kwenda chini. Mteja hata hakuja. Niliing'oa moja moja, nikilia kama mtoto.

Nikafika nyumbani.

Sajini alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo iliyo kando ya tangi la maji. Pembeni kulikuwa na gunia la kumfunika kichwa. Mutiso alikuwa amesimama na mikono nyuma, na mzee mmoja anayewahasi mafahali wa watu alikuwa anafungua karatasi ya wembe. Mwaitu alikuwa ameshika bakuli la chumvi ya kupaka kidonda. Ni yeye aliyewaita nilipoondoka.

"Dakika mbili tu, madam," mzee wa wembe akaniambia. "Ni kama mbuzi."

Sijawahi kuandika habari za nguzo hiyo. Leo naandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilitumwa sokoni, na niliporudi nilikuta mbuzi watatu wamefungwa pale pale. Walikuwa mbuzi wa ntheo, wale wanaoletwa na watu wa mwanamume kusema kwamba binti huyu sasa ni wetu. "Umri umefika," Mwaitu aliniambia, na mimi nikanyamaza. Ndoa ilidumu miaka minne. Nilirudi na begi moja, na tangu siku hiyo hatujawahi kuzungumza juu ya wale mbuzi.

Leo sikunyamaza.

Nilifungua kamba. Fundo lilinishinda mara mbili, na Sajini, mjinga wangu, alikuwa ananilamba uso akidhani tunacheza. Mutiso akasema nitajuta. Nikatoa simu nikampigia chifu pale pale, nikaiweka spika.

"Chifu, Mzee Mutiso amesema ataweka nyama ya sumu. Nataka ujue leo, kabla haijawekwa."

Chifu akauliza, "Mutiso, uko hapo?"

"Niko, chifu."

"Kuna watoto hapo, na kuna mbuzi za watu. Nisisikie hiyo maneno tena. Na wewe madam, funga mbwa yako."

"Nitamfunga," nikajibu. "Na yeye amfungie jike wake. Joto si la Sajini peke yake."

Mutiso aliondoka bila kuaga. Mzee wa wembe alikunja kamba yake, akauliza kama basi kuna mbuzi wa kuhasiwa, maana ametoka mbali. Nikamwambia siku nyingine, nikampa chai.

Tulipobaki wawili nilimgeukia Mwaitu. "Mwaitu, usifunge tena kitu kwenye hiyo nguzo nikiwa sipo." Sikupaza sauti. Aliitazama nguzo kwa muda mrefu, akaingia jikoni na bakuli lake la chumvi.

Sitajifanya sina hofu. Miezi minane ya kumchunga mbwa mwenye damu ya moto si mchezo. Akiniponyoka mara moja tu na akaokota kitu kibaya, nitakuwa mimi niliyesema tungoje. Wote watasema walinionya. Hata hivyo nimeamua. Daktari atamkata kwa dawa ya usingizi, siku mwili wake utakapokuwa tayari, na siku hiyo haitapangwa na Mutiso, wala steji ya boda boda, wala mimi nikiwa na woga.

Mchana huu nimeanza kumjengea boma lake nyuma ya kitalu, refu kunipita. Wavu ulitosha, lakini nilipungukiwa na nguzo moja ya kona. Nikachukua mtaimbo nikaenda kwenye tangi na kuanza kuchimba. Nguzo ilikuwa imeingia chini kuliko nilivyodhani.

Nilipoifikisha kwenye shimo jipya, Mwaitu alitoka jikoni akaishika kwa mikono miwili. Aliishikilia wima mpaka nikamaliza kushindilia udongo.

"Mwanangu," akasema, "nilidhani nakusaidia."

Sijui alikuwa anazungumzia mbwa au mbuzi. Sikumuuliza. Nilimwambia aendelee kushikilia, udongo haujakaza.

Sasa Sajini amelala ndani ya boma, sikio lake bovu likichezacheza. Kesho kanisani wataniuliza tena, na jibu langu liko tayari.

Bado.