Waliosikia Nusu

Jumamosi. Sumbawanga imeamka na upepo ule unaopenya hadi ndani ya sweta, na mpaka jioni hii haujatulia. Mimi pia sijatulia.

Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Redio yetu ya mtandaoni niliigundua nikitafuta nyimbo za kwaya kwenye simu. Nikasikia mtangazaji anasalimia kwa Kifipa. Nikadhani yuko Dar. Kumbe yuko mtaa wa pili kutoka kwangu, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki! Mwenyewe ni binti anayeitwa Yustina, ana kompyuta moja na magodoro ameyaegesha ukutani kuzuia mwangwi. Marehemu baba alikuwa na redio moja tu ya kusikiliza, ya serikali, na hakuna aliyewahi kuijibu. Hii ukiipigia inakuitikia. Nikaipenda. Pesa za kuichangia sina, basi kila Jumamosi nafunga meza yangu ya vitenge sokoni mapema, naenda kupokea simu za kipindi cha salamu.

Namuuliza mpigaji jina na mahali, namuingiza hewani. Akiharibu, nakata. Kazi ndiyo hiyo.

Leo alipiga Mzee Sikazwe wa Ilemba, kule bondeni. Alianza kwa Kifipa, taratibu, kama wazee wetu wanavyosalimia: wagonjwa, watoto, mvua, mavuno. Mzee akisalimia hakatizwi. Nilikuwa hata natabasamu. Kisha, bila kubadili sauti, akaingia kwenye Kiswahili. Ng'ombe wa Masanja wamemaliza mahindi yake yakiwa yanangoja kuvunwa. "Uongozi wa kijiji umelala. Vijana wangu, kesho mkitoka kanisani njooni na mikuki. Twende kwa Masanja."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza.

Nilikuwa nangoja mzee amalize. Malezi gani haya! Yustina ndiye aliyeruka akaweka wimbo, lakini maneno yalishatoka. Ujumbe ukaanza kumiminika: "Tupo, mzee." "Tumechoka." Wengine wako mbali kabisa, wanachochea moto ambao hautawaunguza.

Halafu simu ikaita. Masanja.

Masanja ni Msukuma, alikuja Ilemba na mifugo yake kabla watoto wake hawajazaliwa. "Mama, naomba niongee na mzee. Hapo hapo redioni, watu wasikie." Yustina akatikisa kichwa kukataa. Sikumsikiliza. Nikampigia mzee, nikawaunganisha.

Kifipa cha Masanja kinapinda, lakini alitoa salamu zote. Wagonjwa, watoto, mvua. Alipofika kwenye mavuno, hakuuliza. "Shikamoo, baba. Mavuno yako wameyala ng'ombe wangu. Walivunja zizi nikiwa msibani. Sibishi. Kesho asubuhi nakuja kwako na mwenyekiti wa kijiji, tupime shamba, nikulipe."

Nikarudisha kidole juu ya kitufe.

"Marahaba," mzee akaitika. "Njoo. Uje na mkeo, mle ugali kwangu."

Hakuna anayemwita mtu na mkewe kwenye ugomvi. Nililia mbele ya Yustina bila haya.

Machozi hayajakauka, Yustina akanionyesha kwenye kompyuta: wasikilizaji wa Ilemba karibu wote walikuwa wameshakatika mtandaoni kabla Masanja hajapiga. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha, na vijana wananunua bando dogo la kuonja tu. Wamesikia mikuki. Ugali hawakuusikia. Tumerudia kurusha mazungumzo yale hadi giza linaingia, lakini nani yuko mtandaoni huko ayasikie? Simu ya mzee haipatikani. Ya Masanja pia.

Vijana wakifika kwa mzee atawatuliza. Lakini wakikutana na Masanja njiani, yeye na mkewe?

Nimeyahifadhi mazungumzo kwenye simu, nimeazima spika ya kwaya. Nitapanda gari la kwanza la kuteremka Ilemba nikasimame mlangoni pa kanisa, kila atokaye asikie yote mpaka mwisho. Mume wangu anasema nimerukwa na akili. Labda. Naogopa sana, sitaficha.

Ile barabara ya mteremko ni mbovu, na gari la kwanza halina haraka. Ee Mungu, kesho padri ahubiri kirefu.