Sakafu Haijaitika

Fundi Shomari,

Viguzo vinavyoishikilia dari mpaka chokaa ikauke vitaondolewa Jumatatu. Kasema Bwana Salehe mwenyewe, jana baada ya alasiri, barazani kwake, watu wakisikia. Nakuandikia kwa kuwa aliyestahili kumjibu ni wewe, nawe tulikuzika kabla ya masika.

Salamu zangu hukufikia kwa Fatiha kila Ijumaa. Hapa nakuletea habari tu.

Nyumba yake uliiacha kuta zimefika usawa wa dari, boriti za Rufiji zikiwa bado ufukweni na maganda yake. Sasa boriti ziko juu, mawe yamepangwa juu ya boriti, chokaa na kokoto vimemwagwa juu ya mawe, na wanawake wanapigilia. Mpita njia atasema kazi imekwenda. Na kila mtu kweli kaifanya kazi yake vizuri. Hilo ndilo linalonishinda. Wachoma chokaa wa Kaole wameleta chokaa nyeupe, isiyo na mchanga. Waashi wamenyoosha kuta hata wewe ungenyamaza. Katika boriti sikuona hata moja iliyoliwa na wadudu.

Lakini chokaa haikulazwa shimoni mpaka ipevuke. Waashi walikuwa wamekaa bure, wakatishia kwenda Saadani, ambako mtu mwingine anajenga. Basi ikachotwa shimoni ingali changa, ikapandishwa juu. Kisha mvua ikanyesha juu yake.

Nakumbuka ulivyokuwa ukilisema neno lako, mswaki mdomoni, bila kuinua sauti: "Bado." Mwashi alinuna, mchoma chokaa alitukana chinichini, mwenye nyumba aliondoka na fimbo yake, na wewe uliendelea kupiga mswaki. Hukushika mwiko wala hukubeba jiwe. Wageni waliuliza yule mzee kazi yake nini. Kila asubuhi ulikwenda tanurini, ukaenda ufukweni, ukarudi kwa waashi, ukiuliza huyu anahitaji nini na yule ataweza lini. Ulipomaliza mzunguko ulijua nani aanze na nani angoje, na anayengoja ulimpa sababu. Walikuchukia kwa zamu. Hapakuwa na siku waliyokuchukia wote pamoja.

Aliyewekwa mahali pako ni Seifu, shemeji yake Bwana Salehe. Si mtu mbaya, Fundi. Ana adabu, hapigi watu, hacheleweshi chakula cha mafundi. Neno lake ni "vyema." Waashi walipotaka chokaa, aliwaambia vyema. Bwana Salehe alipotaka ghala la chini liwe wazi, bila viguzo, kabla msafara haujashuka kutoka Unyamwezi, alimwambia vyema. Wanawake waliposema hawashuki mpaka sakafu iitike, aliwaambia vyema pia. Kwa hiyo Jumatatu watu watang'oa viguzo chini, na wanawake watakuwa juu ya dari hiyo hiyo na vipande vyao vya mbao, wanapigilia. Pande zote mbili zina ruhusa yake.

Anayewaimbisha wanawake ni binti yako, Mwanaharusi.

Juzi nilipanda. Nililala kifudifudi, sikio chini, kama ulivyonifundisha, nikaomba wapige karibu na kichwa changu. Mmoja wao akaniambia, "Fundi Mbaruku, kama ni usingizi, mkeo hana mkeka?" Wakacheka, nami nikacheka. Kisha wakapiga. Pembeni, karibu na kuta, sauti ilikuwa nzuri, sakafu iliitika kama mtungi mtupu ukigongwa. Katikati ilikuwa kama mtu anagonga papai. Mwanaharusi alikuwa ananitazama usoni. Amelelewa kwenye kazi hii, sikuhitaji kumwambia kwamba katikati bado ni mbichi.

Nilikwenda kwa Seifu, nikamwambia viguzo vingoje. Akasema vyema, lakini nimwambie Bwana Salehe. Nilikwenda kwa mkubwa wa waashi. Akasema kazi yake ilikuwa kuta, na kuta zimesimama. Mchoma chokaa alisema yeye hakumwomba mtu aitumie siku ile. Kila aliyenijibu alisema kweli. Nilipomfikia Bwana Salehe nikamwambia neno lako, kwa sauti ile ile, nadhani. Alinitazama kwa upole kabisa.

"Nyumba ni yangu, Mbaruku. Bado yako iweke kwako."

Mmoja wa waliokaa barazani akauliza kama neno hilo nimelirithi pamoja na kikoi cha marehemu. Hawakucheka sana. Neno ni lile lile, Fundi, na mimi nililisema mahali pake, lakini halikumsimamisha mtu hata mmoja.

Jioni nilikwenda nyumbani kwako. Nilimwomba Mwanaharusi awazuie wanawake wasipande Jumatatu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akasema wakiacha kupigilia sasa, katikati itapasuka, na maji ya mvua ijayo yatafika kwenye boriti. Ni kweli. Nikamwambia basi apande siku nyingine. Akasema, "Kaka, baba hakuwahi kutushusha kabla sakafu haijaitika. Waambie wa chini wangoje." Nikamwambia wa chini hawanisikii. Akaendelea kuchambua mchele. Mjane wako alinipa maji ya kunywa nikaenda zangu.

Jambo moja nimepewa. Unakumbuka desturi yako: kiguzo cha mwisho, kile cha katikati, hukukiachia mtu. Uliwatoa wote nje, ukabaki peke yako chumbani, mgongo wako ukiegemea kiguzo, ukisikiliza juu. Ndipo ulipotoa kigingi kilichokikaza kwa mkono wako, ili watu waone nani anaiamini nyumba. Nilimwambia Seifu desturi hiyo sasa ni yangu. Akasema vyema.

Sikudanganyi kwamba hilo linatosha. Kiguzo kimoja hakibebi dari ya chumba kile, na mgongo wa mtu haubebi chochote. Wakitaka kuingia kunitoa wataingia. Nikiinua sauti kuwaambia walio juu, vipande na nyimbo vitaifunika.

Buriani, Fundi wangu. Mungu akuweke pema, na kaburi lako lisikubane. Ninakuahidi hili tu: nitaegemea kiguzo kile nikisikiliza, na maadamu katikati panalia kama papai, sitatoa kigingi kwa mkono wangu. Watakaoving'oa vingine wameambiwa wafike Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri. Mwanaharusi amewaambia wenzake wafike saa hiyo hiyo.

Mwanafunzi wako,
Mbaruku