Masale Yako Hayakukubaliwa Mahakamani

Shikamoo Babu.

Nimesubiri kidogo hapo, labda utaitikia. Basi. Mimi nimekuja na mashtaka, na mshtakiwa ni wewe.

Kwanza nikupe habari nzuri: nilisimama mahakamani. Mimi, mjukuu wako niliyeishia darasa la sita, mbele ya hakimu, nimevaa koti lako la kanisani, mikono imenifunika mpaka vidoleni. Niliongea Babu! Nililieleza shamba letu la Mlola mpaka karani akaacha kuandika, akabaki ananitazama. Ungekuwepo ungesema, "Kelele za huyu zingekuwa maharage, tungeshiba."

Yaliyobaki ni mabaya.

Tulipokuzika, ukoo ulikaa kikao pale uani. Wakampendekeza Mjomba Zakayo, mwanao pekee aliyebaki, awe msimamizi wa mirathi. Nikapiga makofi, mjinga mimi. Nilidhani ni kusimamia chakula cha wageni. Akachukua muhtasari wa kikao na cheti chako cha kifo, akaenda Mahakama ya Mwanzo. Tangazo likabandikwa ukutani: mwenye pingamizi ajitokeze. Hapo ndipo aliponiambia, kwa upole kabisa, "Mpwa wangu, wewe ni wa upande wa binti, na mama yako ametangulia. Shamba la mapeasi ni la ukoo."

Nikajitokeza. Ushahidi wangu ulikuwa masale yako, ile mimea ya mpaka uliyonipandia.

Unakumbuka siku ile ya ukungu? Mimi nimebeba vijiti vya masale, wewe unachimbia, kuanzia kijitoni mpaka kwenye ule mpeasi uliopinda. Ukasema, "Ndani ya hapa ni pako. Isale likishasimama, nani atabisha?" Mzee Hoza jirani alikuwa anapita na mbuzi wake, akacheka, akalishindilia moja kwa kisigino. Nikakuambia tuandike na wosia, mwandiko wangu mzuri. Ukanifokea: "Unataka kunizika ningali natafuna makande?" Si wewe tu, wazee wa huku wote mkisikia wosia mnaona mtu amewaletea jeneza. Ukaniita wakili wa darasa la sita. Tukarudi nyumbani tunacheka.

Hakimu hakuwa mkali. Akauliza wosia uko wapi. Nikajibu umesimama shambani, una majani. Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, nikidhani nashinda. Akanieleza taratibu: wosia wa mdomo unataka mashahidi wanne, wawili wawe wa ukoo. Mimi ninayepewa sihesabiki. Akabaki Mzee Hoza peke yake, naye si wa ukoo. Isale linaonyesha mpaka ulipo, akasema, halisemi eneo ni la nani.

Karatasi moja tu, Babu! Kusoma na kuandika ulijua, Biblia yote uliimaliza. Ungeandika jina langu, ukaweka sahihi, wakatia sahihi mashahidi wawili, ndugu mmoja na mtu baki mmoja. Tungemaliza kabla makande yako hayajaiva.

Mjomba amethibitishwa. Ameniambia nivune viazi vyangu, halafu nihame, maana shamba lina mnunuzi. Siwezi kumtukana. Ana watoto wanasoma Tanga, na wao ni wajukuu zako.

Vijana wake wamekuja kung'oa masale. Nikawasaidia. Ndiyo, mimi. Walikuwa wanayavuta hovyo, wanayakata katikati, na wewe uliyapanda kwa... basi, niliyang'oa mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kaburi lako. Limebaki ndani ya shamba la mtu. Nikija kukupalilia itabidi nipige hodi kwa mgeni, nimwambie nimekuja kumwona babu yangu, nimwombe asinifungulie mbwa. Mimi, wakili wako.

Lala, Babu. Hasira nimebakiza kidogo, nitakuja nayo siku nyingine, huyo mwenye shamba akinikubalia.

Kijiti kimoja cha isale nimekiweka kwenye kopo. Nitakwenda nacho kwenye chumba nitakachopanga Lushoto mjini. Na nakuahidi hili: kabla sijanunua hata godoro, nitaandika wosia wangu, nikiwa mzima, natafuna makande. Cha kurithisha ninalo koti lako tu. Mtu baki wa kutia sahihi nitampata, Mzee Hoza yupo.

Wa ukoo ndiye sijui nitamtoa wapi.

Mjukuu wako,
wakili wa darasa la sita