Nilisifia Sindano ya Jicho, Sasa Naona Kivuli

Mpendwa Mama Driciru, nakuomba unishike mkono kabla ya Jumanne, maana mimi ni mjane wa miaka sitini na tisa hapa Lurujo, Koboko, na ugonjwa wa macho ya uzee ulishaniharibia la kulia, nikitazama uso wa mtu naona doa tu, la kushoto nalo likaanza kuonyesha milango imepinda, ndipo nikaenda kliniki ya macho Arua nikadungwa sindano ndani ya jicho, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kweli nikarudi kuchagua mawe kwenye mchele mwenyewe, nikasimama kwenye kikundi chetu cha akina mama nikawaambia wote wasiogope. Mke mwenzangu Night, ambaye hunisomea ukurasa wako wa gazeti kila Ijumaa, ana ugonjwa huo huo na alikuwa amekataa kabisa, kwa sababu shemeji yetu alimwambia, "Sindano ya macho iko naharibu mutu," lakini aliponiona akasema, "Kama wewe iko naona, mimi pia nakwenda," na siku yake ni Jumanne. Sasa wiki iliyopita nilidungwa ya nne, siku ya tatu nikaanza kuona vimulimuli na vitu vyeusi kama nzi, na tangu juzi kivuli kinatoka kushoto kinakuja katikati, hakiumi, nami sijamwambia mtu, maana nikisema Night atakataa na macho yake yataharibika kwa ajili yangu, na shemeji atacheka. Je, nivumilie mpaka Night adungwe, ndipo niseme? Tafadhali ficha majina.

Mama wa Lurujo

JIBU

Mama, hapana. Usivumilie hata siku moja.

Barua yako ilifika jana asubuhi. Upande wa kushoto wa karatasi umeacha nafasi ya vidole vinne bila neno, na chini mistari inapandana. Ningekupigia simu, lakini hukuandika namba.

Nimemuuliza daktari wa macho. Anasema vimulimuli, nzi weusi, kisha kivuli, ni dalili kwamba retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inabanduka. Baada ya sindano hutokea kwa wachache sana, lakini hutokea, na ikiwahiwa hufanyiwa upasuaji. Kivuli kikishafika katikati, upasuaji mara nyingi haurudishi yote. Kwa hiyo usijifariji kwamba hakiumi. Nenda leo kliniki ile ile, usikae foleni, sema mlangoni kwamba unaona kivuli. Wakikuandikia kwenda hospitali kubwa, usipitie nyumbani kwanza. Na usisugue jicho, wala kutia dawa iliyobaki kabatini.

Nakuhurumia, lakini pia umenikasirisha. Night si mtoto wa kudanganywa ili ameze dawa. Sindano tatu zilikusaidia, ya nne imekuletea taabu. Mwambie yote mawili, aamue mwenyewe, na ajue dalili za kukimbilia daktari. Ugonjwa wake unaendelea, shemeji acheke asicheke.

Uliomba nifiche majina. Lako nimelificha. La Night nimeliacha makusudi, kwa sababu najua nani anasoma ukurasa huu kwa sauti. Night, mwenye barua amekaa mbele yako. Weka gazeti chini, mshike mkono, mwende Arua sasa hivi.